Mbegu za Nyumba Nne

Shukrani ya punda ni mateke, husema aliyekuwa mgongoni. Punda mwenyewe hajawahi kuulizwa, kabla ya hayo mateke, alibebeshwa nini. Nyanzala wa Magamba hakumpiga mtu teke. Alilia tu, na kulia kwenyewe ndiko kulikomponza.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa Oktoba, gari la klabu lilipomrudisha kutoka Mpanda mjini alikokaa siku mbili akitibiwa macho. Klabu hiyo inaitwa Taa ya Jirani. Ni walimu, wenye maduka na wauguzi wastaafu, watu wenye fulana za njano na moyo wa kusaidia. Mwenyekiti wao ni Specioza, ambaye kila mtu humwita Mama Agape, mwenye duka la sare za shule kule Ilembo. Yeye ndiye aliyemsikia Rahel, mkamwana wa Nyanzala anayepita na mchicha madukani, akisimulia kwamba mama mkwe anamalizwa macho na moshi. Mama Agape hakusubiri kuombwa. Alilipia daktari, akalipia dawa ya matone na kitanda, kisha akawaita wenzake akawaambia kwamba mama huyo akirudi asilikute tena lile jiko la nyasi. Akute jipya. Na asiambiwe, iwe sapraizi.

Basi alilikuta. Kuta nyeupe pee, bati linalorudisha jua usoni mwa mtu, jiko banifu la udongo na bomba la kutoa moshi nje. Ukutani, kwa rangi ya buluu: TAA YA JIRANI, TUNAKUJALI. Wanaklabu walikuwa wamesimama mistari miwili kama wanampokea bibi harusi, viganja vyao vimechubuka kwa matofali. Innocent, katibu wao, alikuwa ameshainua simu.

"Ingia, mama. Ingia jikoni kwako," alisema Mama Agape.

Nyanzala aliingia. Hakuangalia kuta, wala jiko, wala sufuria mbili mpya zilizofungwa utepe. Aliangalia juu. Aliona bati.

"Uchaga uko wapi?"

"Uchaga wa nini tena, mama? Tumekuwekea rafu, ona."

"Vilivyokuwa juu yake."

"Ah, yale. Takataka zote tumechoma. Yale mahindi yalikuwa meusi tii, mama, yameota kuvu. Mwalimu Agustino hapa kayaona, akasema yana sumukuvu. Yangekuua wewe na wajukuu."

Mwalimu Agustino, mstaafu wa sayansi, aliitikia kwa kichwa, kwa unyenyekevu wa mtu aliyeokoa maisha bila kutaka sifa. Mwezi Agosti alihudhuria semina ya siku mbili juu ya sumukuvu, na cheti alipewa. Kuvu alifundishwa. Masizi hakufundishwa.

Nyanzala aliketi chini, pale pale kwenye sakafu ya saruji ambayo ilikuwa bado na unyevu. Aliweka mikono miwili kichwani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mwenye neno la kusema. Alilia hadi kilemba kikamdondoka. Wanaklabu walitazamana, kisha mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote. Mama mmoja muuguzi naye akafuta machozi. Innocent alisogea karibu, akapiga goti ili apate uso vizuri.

"Tulitegemea asante," Mama Agape aliiambia simu. "Haya hatukuyategemea. Mungu ni mwema."

Mtu atauliza kwa nini hakusema papo hapo. Aliwatazama wale watu thelathini na ushee, jasho limewakauka migongoni. Akakumbuka daktari wa macho ambaye hakumlipa hata shilingi. Neno lililomtoka lilikuwa moja, lile alilofundishwa na mama yake kabla hajajua kuvaa nguo.

"Asanteni."

Kisha, kwa kuwa kwao mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa amekubomolea nyumba, alimwambia Rahel akamate jogoo. Waliondoka naye, amefungwa miguu, anawika nyuma ya gari.

*

Aliyekulia chini ya dari la jipsamu hajui mbegu inavyolala. Hulala juu ya moto. Mahindi yaliyochaguliwa shambani, marefu, yenye mistari iliyonyooka, humenywa maganda yakasukwa kama nywele, yakafungwa juu ya uchaga, kitanda cha fito kilicho juu ya jiko, palepale moshi unapopita. Moshi huyapaka masizi mpaka yawe kama mkaa, na dumuzi, mdudu atobolaye nafaka, akifika hapo hugeuza njia. Hindi likisuguliwa kwa kiganja, ndani ni jeupe kama jino la mtoto.

Lakini moshi huo lazima uwe wa kila siku, na majiko mengine ya Magamba huzima. La Nyanzala halizimi, maana hupika togwa ya kuuza. Ndiyo maana uchaga wake haukuwa wake peke yake. Mbegu za nyumba nne zililala pale. Za Mwandu zilifungwa kitambaa chekundu, za Lyamba waya, za Bibiana kamba ya gome yenye mafundo mawili. Za kwake hazikuwa na alama, kwa kuwa mwenye nyumba hajitambulishi kwake. Mama mkwe wake aliwatunzia majirani kabla yake, naye akapokea. Tangu apokee halikupotea hindi hata moja.

Jioni ile, gari lilipokwisha ondoka, Nyanzala alikwenda nyuma ya nyumba kwenye shimo la majivu, akachokoa kwa kijiti. Hakupata mbegu. Alipata bisi. Punje zilikuwa zimeraruka kwa moto, nyeupe juu ya jivu, na kuku walikuwa wameshaanza upande mmoja. Wajukuu wake wawili walikuwa na midomo myeupe.

Rahel alisimama nyuma yake ameshika ndoo.

"Mama, niliwaambia."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba ni mbegu."

"Kwa sauti gani? Ile unayoniambia chai iko tayari, au ile unayofukuzia mbuzi shambani?"

Rahel alitazama ndoo. "Ya chai, mama."

Nyanzala aliendelea kuchokoa. Usiku ule Rahel hakula, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

*

Majirani walikuja siku ya nne, wote kwa pamoja, na watu wakija kwa pamoja hawajaja kusalimia. Mwandu alitangulia, mtu mrefu aliyehama na ng'ombe kutoka Shinyanga akabaki na jembe. Nyuma yake Lyamba, mzee wa maneno machache yenye miiba, na Bibiana, mjane, aliyekuwa ameshalima matuta yake yote kwa mkono akisubiri mvua.

"Wangaluka, mayu," alisema Mwandu, akimwamkia mama kwa Kisukuma, kwa heshima zote. "Tumekuja kuona jiko. Tumeliona kwenye simu, tukasema tulione na kwa macho."

Alitoa simu mfukoni, akainyoosha ili Nyanzala aone. Alijiona. Alimwona mwanamke mzee amekaa chini, kilemba kimedondoka, mdomo wazi. Chini yake pameandikwa MACHOZI YA SHUKRANI, na mioyo mingi myekundu inapanda kama mapovu ya togwa.

"Unalia vizuri," alisema Lyamba. "Mke wangu alipokufa sikulia hivyo."

"Walikupa ngapi?" Mwandu aliuliza.

"Hawakunipa."

"Mtu halii hivi bure."

"Nililia mbegu zenu."

Bibiana alisogea akachungulia ndani ya jiko jipya, akatazama juu, akarudi. "Mimi sina neno na jiko lako, dada. Limependeza. Nataka yangu yenye mafundo mawili."

Nyanzala aliwaeleza. Alieleza kwa utaratibu, tangu hospitali mpaka shimo la majivu, akawapeleka wakaone. Lyamba aliinama, akaokota punje moja iliyoraruka, akaitia mdomoni akaitafuna taratibu, akiwa amemkazia macho.

"Haina chumvi," alisema.

"Mnaniona mwongo."

"Mayu, sisi tunauliza tu," alisema Mwandu. "Unasema ulilia kwa uchungu. Sawa. Mtu akikuchomea mbegu, ukalia kwa uchungu, unamfungia jogoo aende naye?"

Jibu la Nyanzala lilikuwa adabu, na adabu ukiieleza inaonekana ujinga. Walimwacha uani. Bibiana alipofika njiani alianza kulia kwa sauti ndogo, na kilio chake hakuna aliyekirekodi.

Siku hiyo hiyo Nyanzala alimtuma mwanawe Aloyce, mume wa Rahel, aende Sibwesa kwa mama yake mkubwa, dada wa Nyanzala tumbo moja. Akamwambia asirudi na salamu tupu.

*

Yeye mwenyewe alikwenda Ilembo, kwa miguu. Mama Agape alipomwona mlangoni aliacha kupima suruali ya mwanafunzi, akaja na mikono imefunguka.

"Mama yangu. Macho yanaendeleaje? Kaa, kaa. Mleteeni soda." Kisha akawageukia wateja. "Huyu ndiye yule mama wa video."

Mteja mmoja, binti mwenye kucha ndefu, aliomba wapige picha. Alimsogelea Nyanzala, akaegemeza shavu kwenye kilemba chake, akatabasamu. "Bibi, si ulie kidogo kama kule?" Watu walicheka, bila ubaya. Nyanzala alishika soda yake mpaka ikapata moto. Alikaa kwenye benchi hilo hadi saa nane, duka lilipopungua watu.

"Nina ombi moja," alisema. "Siombi mbegu. Naomba mje mwaambie majirani zangu kwamba nyie ndio mliochoma, na mimi sikuwepo. Basi."

Mama Agape alikaa kando yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa amesikiliza kweli.

"Kwa hiyo hayakuwa na sumu."

"Yalikuwa na moshi."

"Mungu wangu." Alipoinua uso tena, ulikuwa wa mwenyekiti. "Mama, nisikilize. Ile video imefika Dar. Kuna mtu ameiona, ameahidi majiko kumi. Akina mama kumi, mama, wenye macho kama yalivyokuwa yako. Sasa nikisimama mbele ya watu niseme tulichoma mbegu za maskini, hayo majiko kumi yanakwenda wapi?"

"Sijui."

"Yanakufa. Unataka wenzako wapofuke?"

Nyanzala alitazama chupa. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukukanyaga kisha akakuonyesha wagonjwa kumi nyuma ya mguu wake.

"Mimi nitakufanyia jambo," Mama Agape aliendelea, kwa upole sasa. "Jumamosi nitaleta mbegu. Za paketi, mbegu bora, za nyumba zote nne. Lakini na wewe utusaidie. Nasikia huko Magamba unatutangaza kwamba tumewatia njaa. Watu wamejitolea, mama, nguvu zao na Jumamosi zao. Mwalimu Agustino presha imepanda. Utasimama, utashukuru, utatuomba msamaha kwa hayo maneno. Dakika moja. Innocent atarekodi, yaishe."

"Na nikikataa?"

Mama Agape alicheka, akampiga kofi dogo pajani, kama watu wanaoelewana. "Nani anakataa mbegu mwezi wa kumi na moja?"

*

Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti. Kila mtu Magamba alisikia harufu ya udongo unaosubiri. Majirani walifika kabla ya wageni. Mwandu alileta viti vyake. Bibiana alifagia uwanja wa Nyanzala bila kuambiwa. Hata Lyamba alivaa koti.

Gari liliingia na mifuko minne mikubwa, imejaa paketi zenye picha ya hindi la njano linalong'aa. Iliteremshwa ikapangwa juu ya meza, mbele ya ukuta mweupe, ili maandishi ya buluu yasizibwe. Mwalimu Agustino alikuja, amepungua. Mama Agape alizungumza kwa ufupi, akasema klabu haina kinyongo, akasema ulimi wa mzee huteleza, akasema leo ni siku ya kusameheana.

"Mama Nyanzala, karibu."

Nyanzala alitoka ndani na kikapu. Alikiweka mezani, kando ya mifuko, akatoa mahindi moja baada ya jingine. Yalikuwa kumi na mawili. Meusi. Aloyce alikuwa amerudi nayo alfajiri. Dada wa Sibwesa alikuwa amegawa nusu ya alichokuwa nacho. Nyanzala alichukua moja akalisugua kwa kiganja chake, kwa nguvu, akamnyooshea Mwalimu Agustino. Ndani lilikuwa jeupe. Mwalimu alilipokea, akaligeuza, akaligeuza tena. Alilirudisha mezani kama mtu anayerudisha maiti ya ndege.

"Matatu matatu," Nyanzala aliwaambia majirani. "Nyumba nne. Ndiyo niliyopata. Mbegu za paketi utavuna mwaka huu, mwakani ukizirudisha ardhini zinakudhihaki, unarudi dukani. Hizi zitazaa hizi. Mkitunza, baada ya misimu miwili tumerudi pale tulipokuwa."

"Misimu miwili," alisema Bibiana. Alikuwa na watoto watano.

"Matatu haya hayajazi hata tuta," alisema Mwandu. "Mayu, tusichezeane. Sema hilo neno tupokee mbegu, tukalime. Neno halina uzito."

"Kama halina uzito wamelifuata kwa gari la nini?"

Innocent alishusha simu, akamnong'oneza mwenyekiti. Mama Agape alivuta pumzi. "Sikupenda tufike huku," alisema. "Mama, unasema sisi tulichoma. Innocent, waonyeshe."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa video nyingine, ambayo haikuwa imetumwa popote. Rundo la nyasi na mahindi meusi, kitambaa chekundu kinaonekana pembeni. Sauti ya Innocent inasema, wewe ndiye mwenyeji, washa wewe, ipendeze. Mkono wa mwanamke unawasha kiberiti. Uso unainuka. Rahel.

Watu waligeuka. Rahel alikuwa mlangoni mwa jiko na mtoto mgongoni. Hakukimbia. Alijikunja pale pale, taratibu, mpaka magoti yakagusa chini, akamtazama mama mkwe kama mbuzi anavyotazama kisu.

"Mkwe wako mwenyewe," alisema Mama Agape. "Sasa nani amtake radhi nani?"

Lyamba alicheka kidogo, puani. Mwandu alisonya. Wote walisubiri laana, maana laana ya mama mkwe hapo ingekuwa haki, ingewapa wote mahali pa kuweka hasira na kwenda nyumbani. Nyanzala alimtazama Rahel muda mrefu. Hakumwinua. Hakumwambia neno zuri.

"Aliwasha kwa sababu mlimpa kiberiti," alisema. "Mngempa jembe angelima."

Tone la kwanza lilipiga bati. Likafuata la pili. Chini ya nyasi mvua haina kelele. Chini ya bati kila tone ni mtu anayegonga.

"Mama, paketi zitalowa," alisema Mama Agape. "Sema, tusiharibu. Nisameheni. Neno moja."

"Dada," Bibiana alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome. "Mimi nimeshalima. Kwa ajili yangu. Nakusihi."

Nyanzala aliutazama ule mkono, na hapo ndipo wote walipodhani amelegea. Innocent aliinua simu, akasogea, akapiga goti apate uso. Lakini macho yalikuwa makavu, meupe, yanaona mbali. Dawa ya matone ilikuwa imefanya kazi yake.

"Bibiana, chukua matatu yangu, yawe sita," alisema. "Hilo nalimudu."

"Sita, mayu?" alisema Mwandu. "Sita na njaa?"

Mama Agape alisubiri kidogo. Kisha akawapungia vijana wake mkono. Mfuko wa kwanza ukanyanyuliwa ukarudi kwenye gari. Wa pili. Wa tatu. Waliibeba polepole, kama walivyoelekezwa, ili mtu apate nafasi ya kubadili mawazo. Mwandu aliufuata wa tatu hatua mbili, akarudi, akasimama mbele ya Nyanzala, karibu mno kwa mtu wa rika lake.

"Basi utuombe radhi sisi," alisema. "Wao waache. Sisi tuliokuwekea mbegu. Sisi utakaotuua. Kwetu unalo hilo neno?"

Mfuko wa nne ulikuwa bado mezani, na kijana aliyeushika alikuwa anamtazama Nyanzala, akisubiri.

"Nimeyatunza ya kwenu miaka ishirini na sita," alisema Nyanzala. "Nikaondoka siku mbili kutibiwa macho. Siwaombi radhi wao, na nyie siwaombi. Pandisha mfuko wako, kijana, unalowa."